Meno Manne Mazima

Mama,

Leo ni Ijumaa. Nimemaliza kukamua, maziwa yamechukuliwa, na sasa nimeketi jikoni na wasiwasi ambao sijui nimpe nani kama si wewe. Kesho asubuhi mdogo wako Nyawira anakuja kutoka Sagana. Anataka nimpeleke kung'olewa jino.

Wacha nianze mbali kidogo. Tangu tukuzike, kazi ya ng'ombe ni yangu. Nilikuta mukwa wako, ule mkanda wa ngozi, umening'inia nyuma ya mlango. Nikauvaa juu ya kichwa kama ulivyouvaa wewe, mzigo wa nyasi ukilala mgongoni, nikapanda nao kutoka mtoni. Mara mbili kwa siku. Nilijivuna, nisikufiche, kwa sababu watu walisema natembea kama wewe.

Miezi minne haikuisha, taya likaanza kuuma. Upande wa kulia, palepale palipokuwa pakikuuma wewe. Nikitafuna githeri, yale mahindi na maharagwe yetu, linalia ka, ka. Asubuhi moja mdomo ulikataa kufunguka, hata kijiko cha uji hakikupita. Niliogopa sana, Mama. Nilijua kinachofuata, maana nilikiona kwako: jino la kwanza, la pili, mpaka la nne.

Basi nikaenda mjini Nyeri nikang'olewe mapema, nimalizane nalo. Daktari wa meno akaangalia, akapiga picha, akasema meno yangu hayana shida hata moja. Akanipeleka kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo, mzaliwa wa Wang'uru, mcheshi, mikono migumu kama ya fundi wa mawe. Alinisimamisha ukutani. Kisogo changu hakikugusa ukuta. Mabega yamejikunja mbele, la kulia limepanda juu kuliko la kushoto. Akaniuliza huwa nabeba nini, nikamwambia.

Alinieleza hivi: ukikata nyama ya mbuzi, unauona ule utando mweupe unaoifunika? Sisi pia tuko nao. Unafunga kila msuli, halafu unaendelea kutoka mgongoni hadi shingoni hadi karibu na taya. Mzigo ukivuta kichwa, shingo inakaza kuushikilia, na meno yanaumana bila wewe kujua. "Taya ndilo linalia," akasema, "lakini mwenye makosa anaweza kuwa mbali." Hakuniahidi kitu. Alisema taya huuma kwa sababu nyingi, si kila maumivu hutoka mgongoni, ila tujaribu. Kisha akanilaza kitandani, akabonyeza chini ya kisogo, na maumivu yakaruka mpaka kwenye taya.

Nililia pale kitandani. Alifikiri ameniumiza.

Mama, wewe uliniambia. Tulikuwa kwenye benchi la yule wa meno pale sokoni, siku ya jino la pili. Ulishika shingo ukasema, "Wangari, si jino. Ni huku nyuma inavuta." Na mimi nikakujibu, "Mama, wacha uoga." Nilikuwa na haraka ya kurudi kazini. Nikakushika mkono, naye akang'oa. Jino lilitoka likiwa zima, halina hata tundu. Nililiona. Nikanyamaza. Na tukarudi mara mbili zaidi.

Baada ya la nne hukulalamika tena. Nilimwambia kila mtu kwamba umepona. Hata siku ya mazishi nilisema, mbele ya kanisa zima. Sasa najua. Ulinyamaza kwa sababu kila ukilalamika unapoteza jino. Ulikuwa ukilowesha mkate kwenye chai, na mimi nikadhani ni uzee tu. Najua ni presha iliyokuondoa, si meno. Lakini uliondoka na maumivu yako, Mama, na ni mimi niliyekupeleka kwenye lile benchi.

Siku hizi nabeba nyasi kwa wilbaro. Majirani wanacheka, na wacheke. Kila asubuhi nasimama ukutani, nanyoosha shingo, najikumbusha kuachanisha meno. Taya limelegea kidogo. Siku nyingine linarudi kwa nguvu, nami nashikwa na hofu kwamba yule mama alikosea.

Sasa Nyawira. Alipiga simu Jumanne. "Nipeleke kwa yule wa sokoni," akasema, "yule alisaidia mama yako." Nikamwambia aje Jumamosi. Naye amebeba kuni mgongoni maisha yake yote. Huenda ni jino kweli, mimi si daktari. Nimewaza kumdanganya kwamba yule wa sokoni amefunga, nimpeleke Nyeri kimyakimya. Lakini unamjua mdogo wako. Atauliza huku na huku, atampata, na hata nisipokuwepo ataketi kwenye lile benchi. Maadamu anaamini ulipona, hakuna mtu atakayemtoa pale.

Kwa hiyo lazima nimwambie, na ninaogopa. Ndiye peke yake aliyebaki wa kuniita mtoto. Akijua kwamba dada yake alikataa na mimi nikamlazimisha, huenda asikanyage tena hapa. Na ndiyo, meno nayaumanisha hata ninapoandika.

Nitampa chai kwanza. Kisha nitamwambia yote: kwamba hukupona, kwamba ulisema, kwamba jino niliona ni zima. Akitaka kunitukana, anitukane. Akikataa kwenda nami Nyeri, nitamwomba jirani ampeleke.

Pumzika, Mama. Nisamehe ukiweza. Nakuahidi hili: kesho nitamuuliza Nyawira ni wapi panapouma, na safari hii nitanyamaza mpaka amalize kusema.

Binti yako,
Wangari