Marahaba ya Bi Zuwena

Jumatatu, 8 Juni

"Mababu zenu walibeba pembe za ndovu hadi pwani na hawakuuliza maswali. Heshima ni ya cheo, si ya umri." Ndivyo alivyotuhutubia Meneja Edson asubuhi, kabla hatujafungua mapipa ya asali.

Uongo mara mbili. Mpagazi wa Kinyamwezi aliuliza sana. Posho ikichelewa, aliutua mzigo njiani, akaukalia, na tajiri wa msafara akaja kubembeleza. Nimeyasoma hayo, na kabla sijajua kusoma bibi yangu wa kijijini Ntalikwa alikwisha kunisimulia. Kama huo ndio utii anaoutaka, nipo tayari kuanza leo.

La pili, cheo. Kijana wa miaka thelathini na kidogo anataka kila anayeingia kiwandani amwamkie shikamoo. Na wanamwamkia. Mama Shija wa lebo, mwenye wajukuu, anaitoa akitazama sakafu. Meneja anaitikia marahaba wala haoni haya. Mimi nina miaka arobaini na saba na nasimamia chumba cha kufungasha. Namwambia habari za asubuhi, meneja. Ananijibu kwa kutazama saa yake.

Msimu umeanza. Tunabaki hadi jioni. Malipo ya saa za ziada ni chupa za asali zilizobandikwa lebo kombo, ambazo duka halizitaki. Mshahara ni ule ule tangu mwaka juzi. Mwenye nyumba wangu wa mtaa wa Kanyenye hapokei asali.

Jumanne, 9 Juni

Limetokea. Bi Zuwena ndiye mkubwa wetu sote. Anatoka katika ukoo wa Waarabu wa mjini waliokuwa na maduka. Maduka yalikufa, sasa anakaza vifuniko vya chupa. Leo meneja alisimama mbele ya meza yake, akasubiri. Bi Zuwena naye akasubiri. Chupa zikarundikana. Hatimaye Bi Zuwena akasema, polepole, kama anayemkumbusha mtoto somo lake:

"Marahaba, mwanangu."

Chumba kizima kilicheka. Nami nilicheka. Kulwa, kijana wa mashine ya kuchuja, ilibidi aegemee pipa. Uso wa meneja ukavimba. Akamwita "Zuwena", jina kavu, akamwamuru aende nyumbani hadi Ijumaa, aje kujibu shtaka la kumtukana kiongozi.

Kicheko kikakatika pale pale. Sote tukainamia chupa zetu, mimi pia. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akatoka.

Analea wajukuu wawili, mama yao marehemu. Kazi hii ikimtoka, nani mwingine Tabora hii atamwajiri mtu wa umri wake?

Alhamisi, 11 Juni

Niliitwa ofisini. Kiti. Soda baridi. Ghafla nimekuwa "mama". Meneja anataka nitie sahihi kwamba nilimsikia Bi Zuwena akimtukana. Nilimwomba ataje tusi lenyewe. Hakulitaja. Akasema msimamizi mwenye ushirikiano huweza kufikiriwa posho ya usafiri. Nikamjibu kwamba mimi huja kwa miguu.

Nimetoka, soda sikuigusa.

Mama Shija ametia sahihi. Kulwa naye. Nilimkuta bombani nikamuuliza tangu lini marahaba imekuwa tusi.

"Dada Ana, wewe una ulimi," akasema. "Mimi nina mkataba unaoisha mwezi huu."

Nikamwita mwoga, mbele ya watu. Nimemchukia leo kuliko meneja. Meneja sikuwahi kumtegemea.

Ijumaa, 12 Juni

Kikao. Mwenye kiwanda amekuja kutoka Mwanza, mzee wa mvi tupu. Meneja alimwinamia: shikamoo, mzee. Marahaba. Basi umri wanaujua wakitaka.

Nilieleza nilichosikia, neno kwa neno, sikuongeza wala kupunguza. Kisha nikaongeza yangu. Chupa za lebo kombo. Jioni zisizolipwa. Viti vilivyoondolewa chumbani kwetu eti vinaleta uvivu. Watu wazima wanaowaogopa watoto. Mzee akasema hayo si ya leo. Nikamuuliza ni ya lini. Akageukia karatasi zake.

Uamuzi: Bi Zuwena anarudi Jumatatu kwa sharti moja. Asubuhi, mbele yetu sote, amwamkie meneja shikamoo. Asipoitoa, hana kazi.

Wameita hiyo huruma. Mzee hata alitabasamu.

Nilitamani Bi Zuwena asimame, awaambie kitu cha kuwachoma. Aliuliza tu afike saa ngapi. Nimerudi nyumbani nimefura.

Jumapili, 14 Juni

Baada ya misa nilikwenda kwake Isevya. Nilikwenda na hotuba nzima kichwani: utu, sheria ya kazi, wapagazi, kila kitu. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, wajukuu wakigombania kipande cha mua. Aliniacha niseme hadi nikaishiwa.

"Ana, mdogo wangu," akasema, "nitaitoa. Shikamoo haitanipunguzia miaka. Njaa itawapunguza hawa."

Nikavuta kigoda, nikachambua naye mawe. Tulizungumza habari za mchele, mwaka huu una chuya nyingi. Alinifungia kitumbua kwenye karatasi, nikaondoka.

Upepo wa Juni unapiga mabati. Hasira imetulia. Haijaisha, imetulia tu. Nimewaandikia wenzangu kwenye kundi letu la simu. Nimefuta mara nyingi. Kila mara nilikuta nimewatukana tena. Nilichotuma ni hiki:

Kulwa, Mama Shija, na ninyi nyote wa kiwandani. Sitawaambia mgome. Wala sitawauliza tena kwa nini mlitia sahihi. Kesho fikeni mapema, simameni kuanzia mlangoni hadi kwenye meza ya meneja. Bi Zuwena akiingia, mwamkieni. Mmoja baada ya mwingine, shikamoo, kwa sauti ya kusikika, na kila mmoja amngoje amwitikie. Meneja asubiri ya kwake mwisho wa mstari. Kulwa, wewe simama mlangoni. Anza wewe.