Ndege ya Chokaa Aliyoiacha Rubani

Geti la Bluu,
Nyuma ya karakana ya magari.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Mrefu,

Pokea salamu zangu, na pole tena, ingawa pole tumeshapeana mpaka zimetuishia mdomoni. Hujambo huko? Kifua kinakupa nafasi ya kulala? Shemeji yako anauliza kama unakula chakula cha maana au unashindia chai. Nimemwambia nitakuandikia, kwani mtu mrefu kama wewe akikonda, akigeuka ubavu haonekani kabisa.

Sisi tupo. Goti langu la kushoto limerudia ujeuri wake, naingia chini ya gari vizuri lakini kutoka ni kazi. Mama Rubani anaingia chumbani kwa mwanetu, anatoka, hajachukua kitu, anaingia tena. Sitakudanganya kwamba tu wazima. Tunapumua, basi.

Kazini nako mambo hayajakaa sawa. Juzi nimepuliza mlango wa gari la mwalimu mkuu rangi ya maziwa badala ya nyeupe. Miaka thelathini na moja ya kushika bunduki ya rangi, mimi huyu! Mwenyewe akautazama, akanitazama, akasema utapendeza hivyo hivyo. Watu wakianza kukuonea huruma kiasi hicho, ujue hali yako inaonekana hadi barabarani.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini. Mwezi uliopita uliniuliza kwenye simu ile ndege ya mwisho ya mwanetu ilifikia wapi, nami nikakukatia. Nisamehe, ndugu yangu. Hukuuliza vibaya. Barua hii ndiyo jibu lenyewe.

Wewe ndiwe uliyemletea ule mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta, mwaka ambao seli mundu ilimlaza miezi mitano. Jina la Rubani tulimpa kwa utani, likamganda hadi hospitali wakawa wanamwita hivyo. Lakini kurusha alikuachia wewe. Yeye raha yake ilikuwa kuzivisha rangi, na katika ndege zote za dunia aliichagua ile ya mizigo ya Wajerumani wa Vita Kuu ya Pili, ya injini tatu, yenye bati la migongo migongo kama paa la karakana yangu. Mtoto wa fundi rangi hata umlaze kitandani, pua inatafuta rangi tu.

Nilimgombeza mwanzoni. Nilimwambia, ndege zote hizi, unapamba ya wale wauaji? Hakukasirika. Alinionyesha picha za zamani, watu waliofungwa bendeji wakipakiwa humo kwa machela, akasema hawa nao walikuwa wagonjwa waliotaka kufika nyumbani. Ile alama yao ya mkiani hakuipaka hata mara moja. Alipaacha kijani tupu.

Ya mwisho ilikuwa ya majira ya baridi. Alinieleza kwamba askari walizipaka chokaa juu ya kijani ili zisionekane kwenye theluji, haraka haraka, kwa brashi au hata kwa fagio, na chokaa hiyo ilianza kubanduka mapema. Rangi zote aliziweka: kijani mbili, samawati tumboni, mkanda wa manjano kiunoni, kisha ile chokaa juu. Kikabaki kitu kimoja, uchakavu. Akaniita nikaangalie.

Nilikwenda na mikono yangu inayonuka tina ya kuyeyushia rangi, nikasimama mlangoni, nikacheka. Alikuwa amenyunyiza mabaka ya kijani mwili mzima, sawasawa kila mahali. Nikamuuliza, hii imetafunwa na panya? Naye akacheka, lakini nilimwona alivyonywea. Mrefu, yule mtoto hakuwahi kushika msasa, vumbi la karakana lilikuwa linamuua. Angejulia wapi kwamba rangi haifi kila mahali kwa pamoja? Hufa pale panaposhikwa na panapokanyagwa: kwenye kishikio cha mlango, kwenye ngazi, kwenye mfuniko wa tangi. Hilo huwezi kuliona kwenye picha za kijivu, unalijua kwa vidole.

Akayafuta mabaka yake yote mbele yangu. Akaniomba nikae naye nimwonyeshe palipo pa kuchubua. Nikasema Jumapili.

Jumapili ikaja, likaja na gari la harusi lililogongwa taa. Nikasema Jumapili ijayo. Ijayo nilikuwa nimechoka, nikalala mchana kutwa, naye hakuniamsha. Ya tatu tulikuwa hospitali, na Jumanne yake asubuhi akatutoka. Majuto ni mjukuu, waliosema walisema kweli. Wangu huyu amekuja na mwenye kunizalia wajukuu ameshaondoka.

Basi nikakifunga kile chumba na ufunguo nikautia mfukoni. Mama Rubani hakuuomba. Mimi naye tangu mazishi tulikuwa tunaambiana tu maji yamechemka, geti limefungwa, hayo tu. Alijua kuhusu hizo Jumapili. Hakunilaumu, na heri angenilaumu.

Jumamosi iliyopita baada ya chakula cha mchana akanyoosha mkono, akasema nipe. Akafungua, akafuta vumbi, akawasha mashine. Unasahau kwamba shemeji yako alikuwa mpiga chapa miaka ishirini na mbili, vitu hivyo havimtishi. Akaipata ndege. Ile picha ya rangi zake, kumbe, imepangwa tabaka juu ya tabaka kama ninavyopaka mimi gari, na kila tabaka Rubani alilipa jina: kijani ya kwanza, kijani ya pili, samawati, manjano, chokaa, masizi ya injini. La juu kabisa lilikuwa tupu. Jina lake: uchakavu, kazi ya Baba.

Nililia, Mrefu. Sikulia makaburini, watu wakasema Fundi ana roho ngumu. Nililia juu ya kile kiti chake mpaka Mama Rubani akanivua miwani.

Kisha tukafanya kazi. Ile mausi mimi siiwezi, kwa hiyo yeye alishika, mimi nikaonyesha kwa kidole kwenye kioo. Tuligombana vizuri sana. Anachubua mno, namwambia punguza, ananiambia nishike mwenyewe kama najua. Tulimaliza ngazi, tukamaliza bawa pale fundi anapokanyaga kwenda kwenye injini, tukaja kwenye mlango ubavuni kushoto. Hapo sikumharakisha. Nilimwonyesha alama nne za vidole na kiganja kimoja, za mtu anayejivuta ili aingie.

Tulipoizungusha ndege tuitazame nzima, nikaona kosa. Katika mchezo huo sehemu hiyo ya ubavu ni picha moja inayovikwa pande zote mbili. Unachokichora kushoto kinatokea na kulia. Rubani alilijua hilo, sisi tungelijuaje? Sasa ubavu wa kulia, kwenye bati tupu ambapo hapana kishikio cha kushika, pamechubuka vilevile, vidole vinne na kiganja.

Nikamwambia futa, tutaaibika, hakuna mkono ungeshika hapo. Akakigusa kile kiganja kwenye kioo. Akasema, "Acha, mume wangu. Labda alikuwa anatafuta pa kutokea."

Tumeacha.

Nimekutumia ndege yenyewe kwa njia ya mtandao. Shemeji yako amehakikisha mara tatu kwamba imeondoka. Iweke kwenye ile tovuti yenu ya wapenzi wa mchezo huo kwa jina la Rubani, jina langu usiliandike popote. Najua wale mabingwa wenu wataona ubavu wa kulia, wataandika kwamba aliyeipaka hajui kazi. Usiwajibu na usirekebishe. Mimi nimesemwa na wateja maisha yangu yote, sitakufa kwa hilo.

Nisalimie mkeo, mwambie barua yake tuliisoma wote wawili. Msalimie Kipusa binti yako, aendelee na masomo, na yule jirani yako fundi saa aliyekupeleka uwanja wa ndege siku ile ingawa ulichelewa. Usijilaumu kwa kuchelewa mazishi. Dada yetu mkubwa anakusalimu, anasema ukija uje na miguu yako iliyokunjwa, vitanda vyetu ni vilevile.

Mwenyezi Mungu akulindie pumzi yako, akurudishe kwetu ungali mzima.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ninapokukatia simu,

Fundi Rangi

N.B. Ukiirusha mara ya kwanza, nakuomba utue taratibu. Najua ndani hamna mtu.