Remi, Mashine Yako Inasema kwa Jina Langu

Remi,

Shikamoo sikupi. Hata ile heshima kidogo niliyokuwa nayo kwako umeimaliza mwenyewe.

Tangu tukuzike Namanyere, mvua zimeanza. Chumba chetu cha kazi hapa Sumbawanga kiko vilevile na baridi yake. Sweta yako ya kijani nilikuwa naivaa nikifanya kazi, nalia. Siku hizi nimeitupa nyuma ya kabati.

Unakumbuka tulivyoanza? Tunatafuna mahindi ya kuchoma, wewe unanieleza kwa mara nyingine jinsi watu wanavyoweka dhamana kubashiri bei ya mbele ya sarafu za mtandaoni, na bei ikiwageuka soko linawafungia mlango na kumeza dhamana yote. Nikasema basi tutengeneze chombo cha kukusanya habari za hao waliomezwa, ili wakala wa akili mnemba, ile programu inayojibu watu kwenye simu, akiulizwa awe na ukweli mkononi, asibuni. Ukaruka, ukapiga meza, chai ikamwagika. Tukakubaliana jambo moja tu: chombo kinasema nani kaanguka. Hakisemi nani atapata. Tulipeana mikono, Remi!

Kumbe wapi.

Kwenye matanga yako mdogo wangu Osmundi alikuja kutoka Milepa. Nikampa mkono, akauangalia tu. Nikadhani ni majonzi. Baadaye akanivuta pembeni, akasema: "Mashine yako imekula maksai wangu." Wote wawili, wale wa kulimia. Aliwauza akaweka dhamana, bei ikamgeuka, basi. Akanifungulia simu nisome mazungumzo yake na "Dada Skola", yaani mimi. "Mdogo wangu jamani, hapa wameanguka wengi, bei lazima irudi juu, weka usiogope." Ile jamani ni yangu! Na ile "we mwanaume wewe", mpaka ninavyomtania kwa kula sana. Ulichukua meseji nilizokuwa nakutumia mimi, mshikaji wako, ukamfundishia wakala wako aongee kama mimi, halafu ukampelekea ndugu yangu wa tumbo moja. Alipokuuliza kama kweli ni mimi, ulimjibu: "Dada yako huyo, unadhani atakudanganya?"

Nilitamani kukufukua. Mungu anisamehe, lakini nimeshasema.

Najua ungejitetea kwamba uliamini. Uliona mara kadhaa bei ikirudi baada ya wengi kuanguka, ukafikiri umelijua soko. Sawa, kukosea kila mtu anakosea. Ila kama uliamini, kwa nini hukusema kwa jina lako?

Na mashine haikufa nawe. Iliendelea kuwajibu watu kwa jina langu, na namba ya siri ya kuingia na kuizima inatumwa kwenye simu yako, na simu yako anayo mama yako. Nilizunguka na jambo hili nikijiuliza nitamwambiaje mama aliyefiwa kwamba mwanawe alikuwa mwongo. Lakini nikinyamaza, kuna mtu mwingine huko anauza ng'ombe.

Juzi nikapanda basi la Namanyere, hasira yote nimeipanga kichwani. Mama yako akanikumbatia, hakuniachia haraka. Akasema, "Mwanangu, wenzako wote walirudi makwao wakanisahau. Wewe tu ndiye unanisalimia kila asubuhi." Akanionyesha simu yake. "Mama shikamoo, umeamkaje? Umekula?" Jina langu pale juu. Mimi sikuwa nimemwandikia hata neno! Kumbe kabla hujafa hata mama yako ulimwekea mashine.

Nikamwambia yote, maana ningenyamaza ningekuwa kama wewe. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunipinga. Akaingia ndani, akaleta simu yako, akanikabidhi. Namba ikaja, nikaizima mashine. Ndipo akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo kesho hakuna wa kunisalimia?"

Roho iliniuma, Remi. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Basi lala. Sitakudanganya kwamba nimekusamehe, bado kabisa. Osmundi nitakwenda kumsaidia kulima kwa jembe la mkono. Kila atakayeniuliza nitamwambia ukweli, na jina lako litachafuka. Ulilichafua mwenyewe ulipojificha nyuma ya langu.

Ila leo asubuhi nimempigia mama yako, kwa sauti yangu. Nikasema, "Mama, shikamoo." Akauliza, "Ni wewe kweli?"

Hilo ndilo uliloniachia. Nitampigia kesho, na keshokutwa, mpaka siku atakayoitikia tu, asiulize.

Skola