Tanuri Tulilogawana Kama Shamba

Dada yangu Wawira,

Huku Embu mvua imekatika mapema na udongo wa matofali umekauka vizuri. Ungekuwepo ungesema ni msimu wetu. Lakini hatuna msimu tena, na nakuandikia wewe kwa sababu ndiwe pekee uliyejua sababu yake, ukanyamaza.

Unakumbuka alasiri ile tulipokuwa tunapakua tanuri la Baba? Lilikuwa refu kuliko nyumba, na siku kadhaa baada ya moto kuisha, matofali ya katikati bado yalikuwa yanachoma viganja. Ulikuwa umekuja likizo kutoka mtaa wa Majimbo mjini, ulikokuwa unaishi ukifundisha jiografia. Mwezi ulikuwa umetoka mchana, mweupe kama sahani. Ukauonyesha kwa mkono wenye vumbi, ukasema, "Ule umekufa. Ulikuwa na moto ndani, ukatema mawe yaliyoyeyuka, halafu ukazimika."

Baba akauliza, "Ulizimwa na nani?"

"Na udogo wake, Baba."

Hesabu yake niliishika hapo hapo, kwa sababu ilikuwa ya tanuri. Ukipunguza kila upande nusu, ngozi ya nje inabaki robo, lakini tumbo linalobeba joto linabaki moja ya nane tu. Joto dogo, mlango mkubwa wa kutokea. Dunia yetu ni pana mara nne kuliko mwezi, ndiyo maana huku chini bado kunachemka. Hata sayari ya Mirihi, yenye upana wa nusu yetu, ilijenga milima ya moto mirefu ajabu, kisha ikapoa karibu yote. Nikakuuliza, na jua je, si linaupiga huo mwezi kila siku? Ukacheka. "Jua linapasha ngozi tu. Moto wa ndani haurudi kwa kuota jua."

Mimi niliacha shule darasa la saba nikabeba udongo ili wewe uendelee. Silalamiki. Lakini mambo kama hayo ulinipa wewe, na nilidhani siku ikifika utayasema mbele ya watu.

Siku ikafika. Baba alizikwa, shamba likapimwa, kila mtoto wa kiume kipande chake, sawasawa, kama desturi. Halafu Ireri, kwa kuwa ndiye mkubwa, akasema na tanuri ligawanywe. Tulibomoa kuta, tukahesabu matofali, mafungu matatu. Nikawaambia matatu madogo hayatashika joto, matofali yatatoka mabichi. Ireri akanipuuza: "Wewe na hesabu zako! Tofali ni tofali."

Nyaga, kitinda mimba wetu, naye akadakia, "Kwani tanuri ni mbuzi, ukilikata linakufa?"

"Hivyo hasa," ulisema, na kila mtu akacheka. Kisha Ireri akakunja uso, akauliza kama walimu wamekuja kumtawala kwa baba yake. Nawe ukashika kanga yako ukaniambia kwa sauti ya chini, "Wacha wagawe. Bora amani."

Amani tuliipata, dada. Hata mwezi una amani.

Wewe ndiwe uliyekuwa unatuchokoza. Ulikuja kila likizo, ukamburuta Ireri kwangu kunywa chai, ukanituma kwa Nyaga kwa nguvu, ukatugombanisha na kutupatanisha kabla ya chakula cha jioni. Uliwahi kuniambia kuna mwezi mmoja wa Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote, ambao ni mdogo kama wetu lakini bado unatema moto. Mshtarii inauvuta huku, miezi mingine inauvuta kule, unakandwa kama unga wa chapati, na kule kukandwa ndiko kunakouweka moto. Sikujua ulikuwa unajieleza wewe mwenyewe.

Tangu tukuzike hakuna anayemvuta mwenzake. Nyumba zetu ziko umbali wa kuitana. Wiki mbili zilizopita nilimwendea Ireri, nikamwomba tuunganishe matanuri, tuwashe moja tu kama zamani. Hakusimama hata. "Mimi nina langu," alisema. Nyaga alikuwa amekaa hapo, akaangalia simu.

Nikawasha langu peke yangu. Leo nimelifungua: nje mabichi, ndani mabichi, katikati hakuna. Nimeweka kiganja ukutani, baridi. Kuni nilizochoma zilitosha. Kilichokosekana ni tumbo la kuliweka lile joto. Sitawasha tena.

Barabarani wanapita watu wakisema familia hii imebarikiwa, ina matanuri matatu. Mwezi nao umetoka mchana huu, unang'aa vizuri sana kwa walio mbali.

Lala, dada. Hata huku kumepoa.

Ndugu yako wa katikati