Gitaa la Kigango Lilivyomwangusha Masanja

Mwakitolyo, Jumatano, baada ya ugali wa mchana

Mama Kulwa, mke wangu,

Mwangaluka, mayu, mama wa nyumba yangu. Anayekuandikia ni mumeo, fundi magitaa mkubwa kuliko wote kuanzia Mwadui mpaka Geita, mwanaume asiyeogopa kitu chenye miguu wala kisicho na miguu.

Haya, umeshamaliza kucheka? Futa hayo yote. Gitaa nimetengeneza moja tu tangu nizaliwe, na ndilo lililoniletea balaa. Uoga nilio nao leo, kuku akipiga mabawa naruka kumzidi yeye.

Lakini kwanza hali yako. Goti linakwendaje na baridi hii ya asubuhi? Mpunga umeingia ndani wote, au bado mnauanika kando ya lami mnavyopenda ninyi Wasumbwa, malori yawasaidie kupura? Mimi mwili mzima, ila macho. Moshi wa kuchomelea na vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, vimeyafanya mekundu kama nyanya zilizoiva. Na macho hayo ni nusu ya habari yangu.

Usinune kwamba sikupiga simu. Chumba changu ukuta ni turubai. Jirani akipiga chafya mimi ndiye nasema pole. Habari hii siwezi kuitamka hapa kwa mdomo, kwa hiyo barua nampa dereva wa Hiace, atamwachia mdogo wako pale stendi ya Ushirombo.

Ilianza hivi. Kigango chetu cha hapa, kanisa letu dogo, kina gitaa la umeme la kizamani, la Kijapani, lina vitufe vingi kuliko kazi zake. Rangi imebanduka, mbao imechubuka. Wanasema lilikuwa la bendi ya dansi, wakalinunua kwa bei ya mbuzi anayeumwa. Anayelipiga ni Masanja, kijana wa kwaya. Siku za kazi anashuka duarani, shimo la dhahabu, kuchimba, Jumapili ananawa na kuwa malaika. Akanifuata kibandani kwangu ninapotengeneza redio na pampu.

"Shikamoo mzee. Redio unatengeneza. Na gitaa je?"

"Marahaba. Nimefufua pampu za kuvutia maji duarani, nitashindwa na ubao wenye nyuzi?"

Unaona mdomo wangu? Huo ndio ulioniponza.

Shida ilikuwa kwenye daraja, kile kipande ambacho nyuzi zinakalia, upande wa mkono unaopiga. La chuma lilikuwa limeng'olewa zamani, fundi fulani akaweka kijiti cha mninga. Kijiti kimeshaliwa, nyuzi zimezama ndani yake, ukilikaza asubuhi jioni limelegea. Halafu linanguruma. Hata asipolipiga mtu, linanguruma tu kama dume la ng'ombe lililofungiwa.

Nikachukua bawaba ya shaba ya sanduku la zamani, nikaikata, nikaipiga tupa, nikachonga vijia sita, uzi mmoja njia yake. Mayu, ungeona! Ilikaa pale kama gitaa limezaliwa nayo.

Sasa, nilipong'oa kile kijiti nilikuta chini yake kitundu, na ndani ya kitundu waya umekatwa. Haukukatika, umekatwa, na ncha yake imeviringishwa utepe taratibu kama kidole cha mtoto kilichofungwa kidonda. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nikasema fundi mvivu huyu, kazi ya kuunga imemshinda. Nikaubandua utepe, nikauchomelea waya kwenye shaba yangu. Gitaa likanyamaza kunguruma palepale. Jumamosi wakafanya mazoezi, Masanja akalipiga mpaka wamama wa sauti ya kwanza wakaweka vitabu chini wacheze. Nikapewa soda mbili. Nikajiona mimi nani.

Jumapili, katikati ya wimbo wa matoleo, Masanja akasogeza mdomo kwenye maiki aitikie. Sikusikia mlio wowote. Niliona shingo yake imekakamaa, vidole vimeng'ang'ania nyuzi, macho yamenitazama mimi. Katekista akaipiga teke plagi ikachomoka. Masanja akaanguka chali na gitaa juu ya kifua.

Yu hai. Mungu ashukuriwe, yu hai. Mdomo umeungua, vidole vya mkono mmoja vimekufa ganzi, zahanati wamemlaza siku moja wakamruhusu. Lakini mimi pale kwenye benchi nilikuwa najua nimeua mtu. Na watu wakaona: wote wamekimbilia kijana, mzee mmoja amebaki amekaa.

Kilichotokea nimekielewa baadaye, na nakuambia wewe tu kwa maneno mepesi. Amplifaya yao ni mbovu, umeme unavujia kwenye bodi, lile sanduku lake la chuma. Plagi yake ina miguu miwili, wanaisukuma ukutani kwa msaada wa kijiti, na inaingia juu chini vyovyote vile. Ikiingia hivi, salama. Ikiingia vile, bodi inakuwa na moto. Ule waya unapeleka moto huo mpaka kwenye nyuzi, na anayeshika nyuzi akigusa na maiki, basi. Yule fundi niliyemwita mvivu aliukata makusudi, akaweka mti badala ya chuma, ili mpigaji asiguse umeme. Bora ngurumo kuliko maiti. Mimi nikaja na bawaba yangu nikafungua mlango.

Jioni ileile mama yake Masanja akasimama kisimani, mbele ya ndoo zote, akasema, "Yule mzee mwenye macho yale. Anaishi peke yake, hana mke, hana mtoto. Kwa nini mwanangu alimtazama yeye?"

Mama Kulwa, wewe unajua neno hilo kwetu linavyokwenda. Mzee wa macho mekundu anayekaa peke yake hatafutiwi ushahidi mwingine wa uchawi. Asubuhi yake mwenye mgahawa alinipa chai huku amegeuza uso. Hakutaka hata kuipokea pesa yangu mkononi, akasema niiweke tu pale juu ya meza.

Jumatatu mwenyekiti wa kitongoji akaniita kigangoni mbele ya watu. Akataka nilishike gitaa mwenyewe, kama sina la kuficha. Nikasema nitalishika, ila kwanza niwaonyeshe ubovu. Nikachomeka plagi, nikagusisha testa, ile bisibisi yenye kitaa cha kupimia umeme, kwenye nyuzi, kidole changu nyuma yake kama inavyotakiwa. Kitaa kikawaka.

"Mnaona? Umeme huo!"

"Tunaona," akasema mama Masanja. "Moto umepita kwenye kidole chake na hajaanguka."

Kijana mmoja wa karasha akasema, "Jamani, hiyo ni testa tu, hata mimi ninayo." Wakamwambia anyamaze, anajua nini.

Nikachomoa plagi, nikaigeuza, nikaichomeka tena. Kitaa hakikuwaka. Nikashika nyuzi zote sita, nikafumba macho, nikaweka mdomo kwenye maiki. Nilikuwa nimeanza Salamu Maria, nikafika katikati nikaisahau. Sikurushwa. Nikafungua macho nikitabasamu kama mjinga, nikidhani nimeokoka.

Watu walikuwa wamerudi nyuma hatua kadhaa.

"Ameunyamazisha umeme," mtu akasema.

Ndiyo hivyo. Ningeanguka ningekuwa mchawi aliyepatikana. Sikuanguka, basi nina dawa kali. Sasa niambie mwanaume atokee wapi.

Na hujasikia mabaya zaidi. Jana asubuhi nimefungua turubai nikakuta kuku mweupe amefungwa mlangoni. Nyuma yake vijana wawili wamechuchumaa, wachimbaji.

"Shikamoo babu. Duara letu limekufa, halitoi kitu. Tugawie kidogo hiyo dawa uliyotumia."

"Wanangu, niliyotumia ni bisibisi."

Wakacheka kwa adabu. "Babu usitufiche. Wenzetu uliwapa?"

"Sijampa mtu! Sina! Chukueni kuku wenu."

Mmoja akasimama, akajifuta vumbi magotini. "Kuku mbakishe. Tutakuja kuuliza tena baada ya Jumapili. Ila babu, kunyimwa mara mbili kunauma."

Kuku amebaki, na kila anayepita anamwona mweupe pale mlangoni na kupata jibu lake. Unanijua mimi na nyama ya kuku. Huyu hata kumtazama siwezi.

Kukimbia nimefikiria. Lakini nikiondoka leo nimekiri, na habari itapanda Hiace hiyohiyo nitakayopanda mimi, tutashuka pamoja mlangoni kwako.

Basi jana mchana Masanja akaja. Mdomo una gamba, mkono ameukumbatia. Amekaa mlangoni, hataki kuingia.

"Mzee, mimi sikusema umeniroga."

"Basi waambie watu."

"Nikiwaambia watasema umenifunga akili."

Sote tulikuwa tunajua kinachotakiwa. Yeye mwenyewe alishike gitaa tena mbele ya watu, alipige mpaka mwisho wa wimbo, waone ni ubao na nyuzi tu.

"Jumapili nitajaribu," akasema. "Ila uwe umenishika bega, mzee. Nikienda, twende wote."

Nikakubali. Ningesema nini? Nimemwangusha mimi. Lakini nikuambie ukweli ambao sikumwambia yeye. Gitaa limefungiwa ofisini kwa mwenyekiti, sipewi hata kulitazama. Ningepewa dakika chache ningeukata ule waya na kuuviringisha utepe kama nilivyoukuta. Halafu umeme wa gridi hapa wiki hii unakatika ovyo, na wakiwasha jenereta, sijui amplifaya ile itafanyaje. Nitapima kwa testa, nitageuza plagi, na bado sijui. Huyu fundi wako amesoma mpaka la nne, na la nne hawakufundisha jenereta.

Nisalimie pacha wetu Kulwa na Doto na wake zao, waambie baba yao ni mzima, usiongeze kitu. Msalimie shemeji yangu wa stendi, mleta barua, mwambie asiifungue njiani. Shikamoo nyingi kwa mama mkwe, mwambie mkwewe bado ana meno.

Na sasa ombi dogo, nalo ni haki yangu. Uliniahidi mavuno yakiisha utakuja kunitembelea, na mavuno yameisha. Ziara hiyo nakudai. Njoo Jumamosi. Ukishuka tu kwenye gari, anza kunifokea. Nifokee njia nzima mpaka kigangoni, kwa sauti ile ya kumfukuzia ng'ombe wa jirani: paa la jiko halijazibwa, shati sijafua, uzee haujaniongezea akili. Jumapili kaa benchi la mbele uendelee. Wakiona nina mke, na mke mwenyewe ananisema hivyo na mimi nimeinamisha kichwa, nani ataendelea kuniogopa? Na Masanja akishika nyuzi, mimi nikiwa nimemshika bega, nyamaza kidogo. Ukiona nimesimama bado, nifokee tena.

Mimi mumeo anayekungoja stendi,
Baba Kulwa