Vidole Vinne, Mama

Mama, leo mwaka umetimia tangu ututoke, na safari hii naandika ukweli.

Tangazo la msiba niliandika mimi, binti yako wa mwisho. Nilisema umeteleza kazini kwangu. Mjomba, kaka yako wa bucha, alipolisoma hakunisemesha miezi mitatu. Juzi ameniletea kalamu. "Lile uliandika wewe," akasema. "Na hili andika wewe."

Waliokujua wanakikumbuka chumba chako cha kusuka, mlango ukitazama barabara, benchi lenye mguu mfupi uliouwekea gazeti. Mkono wako ulikuwa mwepesi, mdomo mkali. Mteja akilalamika kwamba unamvuta, ulimwambia, "Kichwa chako, machozi peleka kwenu." Halafu ukamlegezea. Chanuo lako la mti hukumwazima mtu, hata dada.

Kila ilipofika siku ya kukumbuka mwisho wa utumwa, ulifunga kazi ukawaita wanawake wote wa ukoo. Ukatusimulia habari za mama wa bibi yako, aliyefungwa kwenye nguzo akanyolewa kwa kipande cha chupa, kwa sababu mke wa bwana wake aliona nywele zake zinasimama kwa kiburi. Kila zilipoota walimnyoa tena, na ngozi ikatoka nazo. Siku alipoachiwa huru alitoka na kipara chenye makovu, hana nguo ya pili. Akaanza kuupima uhuru wake kwa nywele, analaza kidole juu ya kidole kuanzia utosini. Ndivyo ulivyotupima na sisi, na mtaa mzima ukakuita Mama Vidole.

Mimi ulikuwa ukiniruka. "Hizi za kwenye kopo sizipimi," ulisema, watu wakacheka. Nilianza kutia dawa ya kulainisha nikiwa na miaka kumi na miwili, ikaniunguza mpaka nyuma ya masikio pakatoa maji. Hotelini nilikoajiriwa nako walitaka nywele za kulala. Kisha nikaacha dawa kimyakimya, nikazikata zote, nikafuga mpya chini ya wigi. Mwaka jana nikakupigia: mama, safari hii utanipima. Ulipiga kelele za furaha mpaka simu ikakwaruza.

Asubuhi ya siku ile ya kumbukumbu nilivua wigi, nikakaa mapokezi na kipilipili changu. Meneja akatoka na mkasi wa ofisini. "Hii ni hoteli, si zizi." Akanibana kichwa kwenye kaunta, akaanza kukata. Mkasi ulikuwa butu, ukachukua na ngozi. Wageni wakainamia simu zao. Nami nilifyata mkia, Mama. Nilisema, "Samahani, bosi."

Ndipo ukaingia kunichukua, chanuo mkononi.

"Toa mkono kichwani mwa mwanangu."

Akacheka. "Mama, subiri zamu yako."

Hukusubiri. Ulimpiga mdomoni kwa kengele ya shaba ya kaunta, meno mawili yakaruka. Ukamkaba, ukamnyang'anya shungi langu alilokata. Mlinzi akaja na rungu. Pigo la kwanza lilivunja bega, nawe ukabaki umesimama, unamporomoshea matusi ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. La pili lilitua kisogoni. Ulipokuwa chini, meneja alikupiga mateke ya mbavu, matatu. Niliyahesabu. Sikusogea.

Polisi walipokuja, yule bwana alisimama nyuma ya kiti changu, kitambaa chenye damu mdomoni. Nikaandika kwamba sakafu ilikuwa na maji ya deki, mama akateleza. Faili likafungwa. Hospitalini muuguzi alishindwa kukufungua ngumi, tukakuzika na shungi langu humo. Kesho yake nilinyoa nywele zote zilizobaki, na baada ya wiki, Mungu anisamehe, nilirudi kazini. Meneja akanitazama kipara. "Sasa umependeza," akasema. Nilitoka saa ileile na sijarudi tena.

Jana nimekwenda kituoni kufuta maelezo yangu.

"Haya uliandika mwenyewe?" askari akauliza.

"Mwenyewe."

"Unajua kudanganya polisi ni kosa?"

"Najua. Andika."

Akaandika. Meneja na mlinzi wameitwa, na mimi nimeitwa. Dada anaogopa. Anasema wakinifunga jela wataninyoa. Nimemwambia zitaota.

Leo asubuhi tulikaa chumbani kwako, kwenye lile benchi, wanawake wote. Mjomba alitaka anipime yeye. "Vitatu," akatangaza. Dada akamsukuma. "Hivyo vidole au mihogo?" Akapima kwa vyake, ambavyo ni vyembamba kama vyako. Akarudia mara mbili, maana alikuwa analia.

Vinne, Mama. Nywele zangu mwenyewe, kuanzia kipara.

Unakumbukwa na kaka yako wa bucha, binti zako wawili, wajukuu zako watatu ambao sasa wanagombania chanuo, na fundi viatu jirani yako, mwenye nyumba, ambaye hadi leo hajampangishia mtu chumba chako cha kusuka.

Siku zote tutakukumbuka, Mama Vidole. Na waliosoma lile tangazo la kwanza wasome na hili: hukuteleza.