Mwaka Wangu Uliouchukua, Mwalimu

Mwalimu Bernadeta,

Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba barua ya mtu mwenye adabu huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua, kwa hiyo siulizi. Mimi ni mzima, ila nina hasira, na hasira yenyewe ni juu yako. Ndiyo maana miezi minne imepita tangu tukuzike pale Ilembo na sijakuandikia hata mstari mmoja.

Nianze na habari za chuo chetu cha ualimu. Sista Mkuu alinitoa Kibaoni, kwenye watoto wangu wa darasa la kwanza, akaniweka mahali pako. Sasa mwalimu wa mpira wa pete ni mimi, Skolastika yule yule uliyekuwa ukimwita Miguu Mirefu. Ile pete ya chuma aliyokufulia fundi wa mgodini bado iko juu ya nguzo yake, imepinda kidogo upande wa jikoni. Wasichana wanacheza peku kama tulivyocheza sisi. Mjini watu wakikutana wawili tu, mazungumzo ni uhuru. Wewe ungewaambia waache maneno wakakimbie.

Na kinu chako nimekiendeleza. Wiki yetu ya kwanza chuoni hukutupa mpira. Ulitupeleka jikoni, ukatuweka watatu watatu kwenye kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, ukasema twangeni. Anayegonga mchi wa mwenzake hachezi. Tulitwanga siku nne, viganja vikatoka malengelenge, nawe umesimama mikono kiunoni, macho umefumba, unajua kwa mlio tu ni nani anachelewa. "Nyie, mpira si mtoto mchanga, msiupakate!" Tulipoingia uwanjani tukapasiana kwa zamu ile ile ya michi, na wale wasichana wa Tabora walioshuka kwenye treni na viatu vyeupe wakabaki kututazama. Nilikupenda, Mwalimu. Lazima niliseme hilo kabla ya hili lingine.

Mwaka wangu wa mwisho, aliyekagua mazoezi yetu ya kufundisha alikuwa wewe. Ulikaa nyuma ya darasa langu asubuhi tatu. Kisha ukaandika kwamba Skolastika hajakomaa, arudie mwaka. Nililia hadi sauti ikakauka. Ulinishika bega ukaniambia mvumilivu hula mbivu, nami nikavumilia, mjinga mimi. Mwaka ule tukachukua kikombe. Nilifunga mabao kuliko wote, nawe, mtu mzima na heshima zako, ukanibeba mgongoni ukazunguka uwanja.

Nyumbani habari zilifika kwa namna nyingine. Baba alisema, "Kama mkubwa kashindwa, huyu mdogo atafaulu nini?" Akamtoa Tekla shuleni. Kabla sijapata cheti changu, mdogo wangu alikuwa ameshaolewa Usevya. Tekla alikuwa na akili kunishinda, wewe mwenyewe ulipomwona siku ya wazazi ulisema hivyo. Juzi nilipomtembelea aliniomba nimsomee barua ya mumewe, maana kusoma kumempotea. Nilimsomea, nikatoka nje nikasimama nyuma ya ghala la mpunga mpaka nikaweza kurudi.

Na mimi? Miaka minne Kibaoni nimeingia darasani nikijiona sijakomaa. Watoto wakielewa somo, nilisema ni bahati. Wasipoelewa, nilisema ndivyo alivyoona Mwalimu Bernadeta, na Mwalimu Bernadeta hakosei.

Basi sikiliza yaliyotokea siku ya kuanua matanga yako. Bi Kalunde, binti wa mjomba wako na mtani wako, alifanya kazi ya watani kama kawaida. Alijifunga kitambaa chako cha kichwani, akatia filimbi yako mdomoni, akatembea kwa ule mwendo wako wa bata. Watu walikuwa hoi. Akaiga unavyokula, akaiga unavyokoroma kanisani. Halafu akakaa kwenye kigoda, akashika kijiti kama kalamu, akaandika hewani huku akisema kwa sauti yako: "Huyu msichana anafundisha vizuri mno! Akiondoka nani atanifungia mabao? Hajakomaa! Arudie!"

Walicheka wote, Mwalimu. Walimu, wapishi, hata yule katekista mzee. Walicheka kicheko cha watu wanaolijua jambo siku nyingi. Nami nikacheka, kwa sababu mtani hakasirikiwi, hasa kwenye matanga. Nilicheka mpaka meno yakaniuma.

Baadaye nilimfuata Bi Kalunde alipokuwa anaosha masufuria. Nilitaka aniambie kwamba ulikuwa mzaha. Hakuniangalia usoni. Alisema, "Mwanangu, utani ni utani, lakini uongo sisemi." Akaongeza kwamba ulimweleza mwenyewe, na kwamba kila nilipokuja kukusalimia ulikuwa ukisema leo nitamwambia, leo nitamwambia. Nilikuja kukusalimia kila likizo! Nilikuletea mchele wa Mpimbwe, ukanipikia, tukala sahani moja, ukaniuliza Tekla hajambo. Ulipata wapi kinywa cha kumuulizia Tekla?

Sasa nikuambie la wiki iliyopita. Tulikuwa na msichana anaitwa Yustina, wa mwaka wa mwisho. Haitazami pete, anaisikia. Akirusha hata akiwa ameipa pete mgongo, mpira unaingia. Tabora wanakuja baada ya mwaka mpya, na bila yeye hatuna mfungaji. Nilikaa nyuma ya darasa lake asubuhi tatu. Anafundisha vizuri, ila anaharakisha kidogo na sauti yake ni ndogo. Sista Mkuu aliniuliza mbele ya walimu wote, "Skolastika, unaonaje, amekomaa?"

Mwalimu, neno lilinijia mdomoni. Halikuwa hata uongo mkubwa. Nilikiona kikombe, nikaona hata mahali pa kukiweka. Nikakuelewa kabisa, na kukuelewa hakukunipunguzia hasira, kumeniongezea. Kama mimi niliweza kulimeza neno lile, wewe ulishindwa nini? Niliandika kwamba amefaulu. Ameondoka Jumatano. Tabora watatutwanga, na wasichana tayari wananinunia.

Siku ile nilimwita Yustina nikamsomea yote niliyoandika juu yake, la sauti ndogo na la haraka, mpaka mstari wa mwisho. Ninakuahidi kwamba kila msichana atakayepita mikononi mwangu atasikia kutoka kinywani mwangu nilichoandika juu yake. Watani wangu wakija kunizika, wacheke mwendo wangu na kukoroma kwangu. La kumdhulumu msichana wa watu wasilikute.

Na nitakwenda Usevya kila likizo na kitabu cha kusomea, mpaka Tekla asinihitaji. Kazi hiyo ilikuwa yako.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Sijakusamehe. Siku nitakapokusamehe nitakuja Ilembo nikuambie mwenyewe, sitamwachia mtu mwingine.

Skolastika